Boroni, mafiga matatu na koltani: atomu yenye upungufu inasimama namna gani?

Leo ninawaletea somo la kemia, lakini musikimbie. Hata aliyesoma sheria ao uchumi tutafika naye mwisho, maana hesabu yote iliyo ndani ni kujumlisha, kuzidisha na kutoa. Chukueni biki na karatasi.

Swali letu ni hili. Shuleni tulifundishwa kwamba atomu inatulia ikiwa na elektroni nane za nje, na kwamba kifungo kati ya atomu mbili ni elektroni mbili. Tulikariri, tukaandika kwenye mtihani, tukapita. Sasa kuna elementi moja, boroni, ambayo haina elektroni za kutosha kufuata sheria hiyo, na bado inajenga vitu imara sana. Inafanya namna gani? Na kwa nini mtu wa Kivu ya Kaskazini ajali? Nitajibu maswali yote mawili, na jibu la pili litatupitisha kwenye koltani.

1. Boroni iko karibu nasi

Wale wanaoyeyusha dhahabu hapa mjini wanaijua boraksi, ule unga mweupe unaotiwa kwenye chungu cha kuyeyushia. Dhahabu inayeyuka kwenye digri 1064. Boraksi inayeyuka mbele yake, inashika mchanga na oksidi za chuma, inavigeuza kuwa kitu kama kioo kinachotiririka, na dhahabu inakusanyika chini ikiwa safi. Kule Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wanatumia boraksi tangu miaka mingi pasipo kugusa zebaki, na karibu na mwaka 2010 wataalamu walianza kuonyesha njia hiyo kwa wachimbaji wa Tanzania, juu zebaki inaua polepole.

Boraksi ni boroni iliyoshikana na sodiamu, oksijeni na maji. Kuna boroni pia ndani ya turmalini, lile jiwe ambalo wachimbaji wa Numbi, Kalehe, wanalitoa pamoja na koltani. Kuna boroni ndani ya vyombo vya kioo vya labo ambavyo havipasuki upesi kwa moto. Iko hata shambani: mpapai ukikosa boroni kwenye udongo, tunda linatoka na nundu-nundu, na wenye mashamba ya mipapai kama wale wa Beni wanaokamua papaini wako na faida ya kulijua jambo hilo.

Lakini muone kitu kimoja. Kwa mifano hii yote boroni haiko peke yake. Imeshikana na oksijeni, na oksijeni ni tajiri wa elektroni. Katika asili hautakuta boroni tupu. Ilibidi watu waitoe kwa nguvu: mwaka 1808 Gay-Lussac na Thénard kule Paris, na Davy kule London, waliiondolea oksijeni kwa msaada wa potasiamu, na hata hivyo waliyoipata haikuwa safi kabisa.

Kwa hiyo swali la kweli la kemia ni hili: ukiiondolea boroni oksijeni yake, ukaiacha na boroni wenzake tu, atomu chache, tuseme tatu, tisa ao kumi na mbili, zitashikana namna gani? Kikundi kidogo kama hicho cha atomu ndicho nitakiita kishada.

2. Hesabu ya kwanza: vyumba vinne, elektroni tatu

Kaboni iko na elektroni 4 za nje, nitrojeni 5, oksijeni 6. Boroni iko na 3 tu. Na zote hizi ziko na nafasi nne za kuwekea elektroni za nje, zile ambazo tuliziita orbitali. Kaboni inatoa elektroni moja kwa kila nafasi, jirani anatoa moja, wanapata mbili: huo ni mkono mmoja. Mikono minne, elektroni nane, kila mtu ametulia. Ndiyo picha ambayo Gilbert Lewis alitoa mwaka 1916, na inafanya kazi vizuri sana kwa kaboni.

Boroni ikijaribu vilevile, nafasi moja inabaki tupu. Mufanye hesabu na mifano miwili. Etani ni C2H6: kaboni mbili zinatoa 8, hidrojeni sita zinatoa 6, jumla 14. Elektroni 14 ni jozi 7, na vifungo vya etani ni 7: sita vya hidrojeni na kimoja kati ya kaboni mbili. Sawa kabisa. Sasa chukueni diborani, B2H6: boroni mbili zinatoa 6, hidrojeni zinatoa 6, jumla 12. Jozi 6. Kama umbo lake ni sawa na la etani, kunakosekana jozi moja. Kwa sheria tuliyoikariri, diborani isingepaswa kushikana. Lakini iko, Alfred Stock, Mjerumani, alianza kutengeneza jamaa hiyo ya vitu tangu 1912.

Wakubwa wa kemia walibishana juu ya hilo miaka mingi. Mwaka 1943 jibu zuri lilitoka Oxford, katika makala ambayo mwandishi wake wa kwanza, Christopher Longuet-Higgins, alikuwa bado mwanafunzi, kijana wa karibu miaka 20, akiandika pamoja na mwalimu wake R. P. Bell. Walisema: diborani si sawa na etani. Hidrojeni nne ziko pembeni kwa kawaida, lakini mbili zimekaa katikati ya boroni mbili, kama daraja. Kila daraja ni atomu tatu, boroni, hidrojeni, boroni, na zinashirikiana jozi moja tu ya elektroni. Mupige hesabu: vifungo vinne vya kawaida ni elektroni 8, madaraja mawili ni elektroni 4, jumla 12. Hakuna inayokosekana.

Mama zetu wanalijua jambo hili jikoni. Figa moja halibebi chungu, na mawili yanakiangusha. Mafiga matatu yanabeba chungu kimoja, na hakuna figa linaloweza kusema chungu ni changu. Kifungo cha atomu tatu na elektroni mbili ni chungu kimoja juu ya mafiga matatu. Kwa kazi ya kueleza maumbo na vifungo vya jamaa hii ya borani, William Lipscomb alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1976.

3. Vishada vya boroni tupu: namna ya kuviona

Diborani bado iko na hidrojeni. Sasa tuondoe hidrojeni pia.

Kishada cha atomu tisa hauwezi kukiweka kwenye chupa. Watafiti wanafanya hivi: wanapiga leza kwenye kipande cha boroni ndani ya chombo kisicho na hewa. Mvuke unaotoka unapozwa na gesi ya heliamu, na atomu zinashikana kwa vishada vya ukubwa mbalimbali. Chombo kingine kinavitenga kwa uzito, na watafiti wanachagua, kwa mfano, vile vya atomu 9 tu vyenye elektroni moja ya ziada. Leza ya pili inang'oa elektroni kwenye kishada, na wanapima elektroni hiyo imetoka na nishati gani. Kila umbo linatoa alama yake, sawa vile kila ngoma iko na sauti yake hata kama hauioni.

Lakini alama haisemi yenyewe ni umbo gani. Hapo ndipo wenzao wanaingia na kompyuta. Wanachukua maumbo mengi yanayowezekana, wanahesabu kila moja lina nishati gani na lingetoa alama gani, halafu wanalinganisha na alama iliyopimwa. Umbo likiwa na nishati ya chini na alama yake ikilingana, ndilo linaloaminiwa. Kazi kubwa ya namna hii ilifanywa na kikundi cha Lai-Sheng Wang, wakati ule Chuo Kikuu cha Washington State na baadaye Brown, upande wa leza, na kikundi cha Alexander Boldyrev wa Utah State, upande wa hesabu.

Walichokuta kiliwashangaza wengi. Boroni ngumu, ile ya kipande, imejengwa kwa vizimba vya atomu 12 vyenye nyuso 20. Mtu angefikiri vishada vidogo ni vipande vya kizimba hicho. Hapana. Vishada vidogo ni bapa, ao karibu bapa, kama sahani.

4. Tuhesabu: B3 hasi na B9 hasi

Tuanze na kidogo kabisa, mafiga matatu yenyewe: boroni tatu na elektroni moja ya ziada. 3 × 3 ni 9, ongeza 1, ni 10. Pembetatu iko na mbavu tatu. Kila ubavu uchukue elektroni 2, ni 6. Zinabaki 4. Hizo 4 haziko za ubavu wowote. Mbili zinatembea ndani ya usawa wa pembetatu, na mbili zinatembea juu na chini yake. Ni za wote watatu pamoja.

Sasa B9 hasi, iliyotangazwa mwaka 2003. Choreni duara la atomu 8 na muweke moja katikati, kama gurudumu. 9 × 3 ni 27, ongeza 1, ni 28. Ukitaka kufunga atomu ya katikati na majirani 8 kwa vifungo vya kawaida, unahitaji elektroni 16 kwa ajili yake peke yake, na nyingine 16 kwa duara la nje. Jumla 32. Hauna. Boroni inafanya vingine: duara la nje linachukua vifungo 8 vya kawaida, elektroni 16. Kutoka 28 zinabaki 12. Hizo 12 zinaenea gurudumu zima, na zinajigawa makundi mawili: 6 ndani ya usawa, 6 juu na chini yake.

Kwa nini 6 na 6 ni nzuri? Mwaka 1931 Erich Hückel, Mjerumani, alifungua njia ya hesabu inayoonyesha kwamba duara bapa linapata nguvu ya pekee likiwa na elektroni 2, 6, 10 ao 14 zinazozunguka kwa pamoja, siyo 4 wala 8. Benzeni, tuliyoisoma wote, iko na kundi moja la 6. B9 hasi iko na makundi mawili ya 6. Ndiyo maana inaitwa aromatiki mara mbili. B3 hasi pia inafuata: 2 na 2.

Elektroni zinazoenea namna hii zinafanana kidogo na pesa ya AVEC ao ya likelemba: ukiuliza ni ya nani hautajibiwa jina la mtu, na bado ndiyo inashikilia kikundi. Mfano huu uko na mpaka wake. Pesa ya kikundi unaweza kuigawa siku ya mwisho wa mwaka, kila mtu akachukua sehemu yake. Hizi elektroni haziwezi kugawanywa hivyo bila gurudumu kuvunjika. Na atomu haina moyo: haishirikiani kwa upendo, inashuka tu kwenye nishati ya chini, kama maji ya mlimani yanavyoshuka bondeni.

5. Imara mahali gani?

Turudi kwenye kile kizimba cha atomu 12. Ndani ya boroni ngumu kiko imara kabisa. Kikiwa peke yake kwenye utupu, B12 inajifungua na kuwa karibu bapa: atomu 9 nje, 3 ndani, katikati pameinuka kidogo kama kawa. Kwa nini?

Hesabu tena. Kizimba cha nyuso 20 kinahitaji elektroni 26 kwa mifupa yake. Juu ya hizo, kila atomu iko na mkono mmoja unaoelekea nje, na mkono huo unataka mtu wa kushika. Ndani ya boroni ngumu, majirani wako. Kizimba kikiwa peke yake, mikono 12 inaning'inia, na 36 toa 26 inabakiza elektroni 10 tu. Umbo bapa linatumia zile 36 vizuri zaidi.

Sasa mupe kila atomu hidrojeni moja ya kushika, na muongeze elektroni mbili: 36 na 12 na 2 ni 50. Hidrojeni zinatumia 24, mifupa inabaki na 26 zake kamili. Hawthorne na Pitochelli walikitengeneza kitu hicho mwaka 1960, na ni kati ya ioni imara zaidi katika kemia ya boroni. Atomu ni zilezile 12. Kilichobadilika ni majirani na hesabu ya elektroni.

Kwa hiyo mukisikia mtu anasema "molekuli hii ni imara", mumuulize: imara kuliko nini, na imara mahali gani? B9 hasi ni imara kuliko maumbo mengine ya atomu 9 zilezile, ndani ya utupu. Ukiileta hewani, oksijeni inaimaliza. Kushinda maumbo mengine ni jambo moja. Kuishi pamoja na majirani wakali ni jambo lingine.

6. Koltani inaingia hapa

Gurudumu la B9 lina boroni katikati na 8 pembeni. Tukiongeza pembeni ziwe 10, je, boroni ya katikati itazifikia? Hapana, duara linakuwa pana kuliko inavyoweza kujaza. Ndiyo maana vishada vikubwa vya boroni tupu vinaweka atomu mbili ao tatu katikati: B10 iko na 2 ndani, B12 iko na 3.

Ili ushikilie duara la 10 na atomu moja, unahitaji atomu kubwa yenye elektroni za kutosha kuchangia. Mwaka 2012 vikundi vilevile vya Wang na Boldyrev vilitangaza mbili zilizoweza: tantali na niobi. Wandugu, majina hayo mawili munayajua. Koltani ni kolombiti na tantaliti: kolombiti ni madini ya niobi, tantaliti ni madini ya tantali. Metali mbili zilizoshika rekodi ile ya kemia ndizo zinazotoka pamoja kwenye jiwe moja kule Rubaya, Masisi, kwa sululu na beleshi.

Hesabu yake ni hii. Tantali iko na elektroni 5 za nje, na niobi pia 5, maana ziko kwenye safu moja ya jedwali. Boroni 10 zinatoa 30. Ongeza 5, ongeza elektroni moja ya ziada, ni 36. Duara la nje linachukua 20. Zinabaki 16. Mumkumbuke Hückel: 16 zinagawanyika kuwa 10 ndani ya usawa na 6 juu na chini. Namba zote mbili ziko kwenye orodha yake. Hakuna atomu iliyokuwa imeonekana kabla ya hapo ikizungukwa na majirani 10 kwenye usawa mmoja.

Nisiwadanganye: gurudumu hili haliko ndani ya simu yoyote. Kazi kubwa ya tantali duniani bado ni kondensateri ndogo za simu na kompyuta. Lakini linatuonyesha kitu. Sisi tunaijua koltani kwa bei ya kilo, kwa njia inayopita, kwa silaha zinazoizunguka. Kuna ujuzi mwingine juu ya jiwe hilohilo, wa namna tantali inavyoshika majirani zake, na hata huo tunapaswa kuwa nao. Mtu anayeuza kitu bila kujua ndani yake kuna nini, bei inapangwa na yule anayejua.

7. Mahali hesabu ya kidole inaishia

Hadi hapa mungefikiri kuhesabu elektroni kunatosha. Hakutoshi. Atomu zikizidi, maumbo yanayowezekana yanakuwa maelfu, na mengi yako na nishati zinazokaribiana. Mwaka 2014 kikundi cha Wang na wenzake walitangaza B36, karibu bapa, ikiwa na tundu la pembe sita katikati. Mwaka uleule walitangaza B40, ambayo ikiwa bila chaji ni kizimba kitupu ndani. Ikiwa na elektroni moja ya ziada, maumbo mawili yanaonekana pamoja, la bapa na la kizimba.

Kwa nini B36 iache tundu? Mwaka 2007 Hui Tang na Sohrab Ismail-Beigi walikuwa wameshaeleza wazo lenyewe kwa karatasi ya boroni. Karatasi ya pembe sita tupu, kama sega la nyuki, iko na elektroni chache mno. Karatasi ya pembetatu tupu iko na elektroni zaidi ya zile inazoweza kutumia vizuri. Ukichanganya pembetatu nyingi na matundu kiasi, hesabu inasawazika. Mwaka 2015 karatasi ya boroni ya unene wa atomu moja, borofeni, ilitengenezwa kwa kweli juu ya uso wa fedha, na kati ya waliofanya kazi hiyo walikuwa watafiti wa maabara ya Argonne karibu na Chicago. Kishada kidogo kilikuwa kimeonyesha njia ya karatasi kubwa.

8. Na sisi je?

Najua swali linalokuja: "Yaya, hapa umeme unakatika, kazi hakuna, njia ya Beni munaijua, na wewe unatuletea gurudumu la boroni?" Ni swali la haki. Jibu langu liko na sehemu mbili.

Ya kwanza: nusu ya kazi niliyoeleza haikuhitaji leza. Ilihitaji kichwa, kompyuta na uvumilivu. Katika makala ya 2003 juu ya magurudumu ya boroni, mmoja wa waandishi, Anastassia Alexandrova, alikuwa mwanafunzi wa doktora upande wa hesabu. Leo ni profesa kule Los Angeles. Leza hatuna, na hatutainunua kesho. Lakini programu za hesabu ya kemia ziko za bure: Avogadro ya kuchora molekuli, Psi4 ambayo iko wazi kwa wote, na ORCA ambayo watu wa vyuo wanaipata bila malipo wakijiandikisha. Unazishusha mara moja mahali penye koneksyo nzuri, unazibeba kwa fleshi, na baada ya hapo hauhitaji mega. Kishada kama B3 ao B9 kinahesabika kwenye kompyuta ya kawaida ya kubeba, kati ya umeme kurudi na umeme kukatika. B40 haiwezekani hivyo, lakini memwari ya lisansi haihitaji B40. Mwanafunzi anayechukua ioni ya boroni na metali moja ya kwetu, anajaribu maumbo kumi, analinganisha nishati na kueleza kwa nini moja limeshinda, huyo amefanya utafiti wa kweli, na kazi yake haikunakiliwa kwenye memwari ya mwaka jana.

Ya pili: boroni inatufundisha namna ya kuisoma sheria. Sheria ya elektroni nane si ya uongo. Ni muhtasari mzuri wa mambo ya kaboni, nitrojeni na oksijeni. Aliyeikariri bila kuuliza ilitoka wapi atasema diborani haiwezekani, na diborani iko. Aliyeielewa atasema: hapa elektroni hazitoshi vifungo vya wawili-wawili, basi zitakuwa zimeenea kwa watatu, kwa tisa, kwa kumi, tuhesabu tuone. Kijana wa Oxford wa 1943 hakuwa na mashine kubwa kuliko zetu. Alikuwa na elektroni 12, umbo lililohitaji 14, na ujasiri wa kuamini hesabu kuliko picha ya kitabu.

Kwa wale wanaopenda kujaribu, zoezi ni hili. Chukueni boroni 8 zenye elektroni mbili za ziada: 7 kwenye duara, moja katikati. Muhesabu elektroni zote, mutoe mbili kwa kila ubavu wa duara la nje, mutazame zinabaki ngapi na kama zinakubaliana na namba za Hückel. Mukipata 12, muko kwenye njia. Halafu mujiulize boroni 8 zilezile bila elektroni za ziada zinakosa nini. Atakayefika hapo na akataka kuendelea kwa kompyuta, aniandikie; tutatafuta kikundi cha watu watatu wanne, tuanze pamoja.

Tuko pamoja.